Chumba cha futi kumi na lenzi ya elfu themanini na tano

MASWALI YA WASOMAJI: KAMERA NA PICHA

Swali

Kwa Mhariri,

Nina studio ndogo Kondele, hapa Kisumu, katika chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi. Siku za kazi napiga picha za pasipoti na za familia. Jumamosi na Jumapili natoka na wateja hadi ufuo wa Dunga, au naitwa kwenye harusi, ayie (sherehe ya Kiluo ya posa) na sherehe za kufuzu. Kamera yangu ni Canon EOS 2000D, pamoja na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Siku hizi wateja, hasa vijana, hunionyesha picha za simu ambazo nyuma yake kumefifia, kisha huniuliza mbona kamera kubwa kama yangu haifanyi hivyo. Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba dawa ni lenzi ya 85mm f/1.4, nami nimeipata ya mtumba kwa shilingi 85,000. Duka jingine lina 85mm f/1.8 ya mtumba kwa shilingi 45,000, na 50mm f/1.8 mpya kwa shilingi 18,000. Chama chetu cha akina mama kiko tayari kunikopesha hizo 85,000. Mteja wa nje hunilipa shilingi 1,500 kwa picha kumi. Je, niuchukue mkopo huo?

Msomaji wa Kondele, Kisumu

Jibu

Dada yangu wa Kondele, usiuchukue mkopo huo. Ukinunua, nunua ile 50mm f/1.8 ya shilingi 18,000, tena uinunue kwa sababu tofauti na uliyoitaja katika barua yako. Umeandika juu ya kufifia kwa mandhari ya nyuma kwa kuwa hapo ndipo wateja wanapokubana, lakini jambo hilo waweza kulipata kwa sehemu kubwa kwa lenzi uliyo nayo. Usichoweza kukipata kwayo ni mwanga wa kutosha ndani ya kanisa na ukumbi, na hicho ndicho mwenye harusi anachokulipia hata kama hajui kukitaja.

Nianze na namba, maana wauzaji huzitaja kama bei za samaki bila kueleza zinapima nini. Namba inayofuata herufi f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita (mm) za jina lake, kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi yako ikivutwa hadi 55mm haifunguki kupita f/5.6, kwa hiyo tundu lake lina upana wa takriban milimita 10 tu. Tundu la 50mm f/1.8 lina karibu milimita 28, la 85mm f/1.8 lina 47, na la 85mm f/1.4 lina zaidi ya 60. Sasa iko kanuni moja ambayo ningependa kila mpiga picha aijue kabla ya kutoa pesa mfukoni: taa iliyo mbali sana nyuma ya mteja hutokea pichani kama duara, na upana wa duara hilo, ukilipima kwa kulilinganisha na uso wa mteja, ni sawa na upana wa tundu la lenzi. Lenzi yako ya sasa itachora duara la sentimita moja, kiasi cha ukucha wake. Fifti, yaani ile 50mm, itachora duara la karibu sentimita tatu, ambao ndio upana wa jicho lake zima. Na ile ya 85,000 itachora la sentimita sita.

Hayo ni kwa mandhari ya mbali. Mandhari yakisogea karibu, duara husinyaa upesi. Chukua mfano wa Dunga. Mteja amesimama mita moja na nusu kutoka kwako, na mafunjo yako mita moja nyuma yake. Hapo duara la fifti hushuka kutoka sentimita 2.8 hadi sentimita 1.1 hivi. Sasa mgeuze mteja yule yule ili nyuma yake pawe na maji matupu na ng'ambo ya ghuba, kisha upige kwa lenzi yako ya zamani ikiwa imevutwa hadi mwisho: utapata sentimita moja, yaani karibu sawa kabisa na ulichokipata kwa lenzi mpya mbele ya mafunjo. Nimewaona vijana wenye lenzi za bei kali wakimwegemeza mteja ukutani, kisha wakashangaa kwamba ukuta haukufifia.

Kuhusu zile picha za simu, usibishane na wateja. Wanachokipenda kinapendeza kweli. Lakini zichunguze kwa makini ukipata nafasi. Simu ina lenzi fupi na tundu dogo mno, kwa hiyo programu yake ndiyo inayokisia mtu anaishia wapi na mandhari yanaanzia wapi, kisha inapaka ukungu. Hukosea kwenye nywele: nywele za asili zilizoachwa wazi hukatwa kingo kama kwa mkasi, nyuzi za rasta hupotea nusu, na hereni ndefu mara nyingine humezwa na ukungu. Mwonyeshe mteja wako sehemu hiyo kwa heshima, na usimdharau mtu kwa kuipenda simu yake.

Nije kwenye mwanga, ambao ndio kiini cha jibu langu. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8, kiasi cha mwanga kinachoingia huongezeka karibu mara kumi. Tuseme uko ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, na kwa lenzi yako unalazimika kutumia ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 6400 na shata (muda wa kupitisha mwanga) ya 1/60 ya sekunde, ambayo haitoshi kumzuia bibi harusi anayetembea asitoke na mkia wa ukungu. Ukiwa na fifti iliyofunguliwa wazi, utapiga kwa shata ya 1/125 na ISO iliyo chini ya 1600. Kwa kamera yako tofauti hiyo si ndogo, kwani ISO 6400 ndicho kikomo chake cha kawaida, na picha zake hapo huwa na chenga nyingi, yaani vitone vitone vinavyochafua picha. Chenga hizo huumiza zaidi ngozi zetu nyeusi karibu na gauni jeupe. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu, kwa hiyo gauni likijaa kwenye fremu, kamera huipunguzia picha mwanga na nyuso huzama gizani. Ukizinyanyua nyuso hizo baadaye kwenye kompyuta, unazinyanyua pamoja na chenga zake. Pima mwanga usoni, uongeze kidogo, na uiache ISO ikiwa chini kadiri lenzi itakavyokuruhusu.

Kwa kweli, lenzi za namna hii zilizaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Lenzi ya kwanza kubuniwa mahususi kwa picha za sura za watu, ile ya Joseph Petzval huko Vienna mwaka 1840, ilikuwa na tundu la f/3.6, na shida iliyotatua ilikuwa ya wateja kuketi bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Kufifia kwa mandhari kulikuja kama ziada.

Kinyume chake ni jua la adhuhuri, na hapa ndipo wengi hujuta. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua husimama utosini, macho ya mteja yakawa mashimo mawili meusi. Lenzi yenye tundu kubwa haikusaidii kitu hapo, bali hukusumbua. Katika jua kali, kwa ISO 100 na f/1.8, shata ingepaswa kufikia takriban 1/8000, ilhali kamera yako huishia 1/4000. Picha itapata mwanga mara mbili ya unaohitajika, na gauni litapauka kabisa. Itakubidi ufunge tundu hadi f/2.5 au zaidi, au uweke kichujio cheusi mbele ya lenzi. Na ukitaka kutumia flashi kujaza vivuli vya macho, shata ya kamera yako haipaswi kuzidi 1/200, na hapo utakuwa umefunga tundu hadi f/11: pesa zote ulizolipia f/1.4 zimelala. Kwa mteja wa saa sita mchana, kivuli cha mti mkubwa na ubao mweupe wa kurudisha mwanga, unaoshikwa na kijana wako wa mkono, vitafanya kazi ambayo hakuna lenzi itakayoifanya. Ukiweza, mshawishi mteja aje Dunga kuanzia saa kumi na moja jioni, jua linapoinama upande wa ghuba ya Winam.

Sasa chumba chako. Futi kumi ni mita tatu na kidogo. Mteja akisimama mita moja mbele ya kitambaa cha nyuma, nawe ukiuegemea mlango, mtatenganishwa na mita mbili pungufu. Kwa kuwa sensa ya kamera yako, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, lenzi ya 50mm hutazama upana ule ambao kamera ya sensa kubwa ingeutazama kwa 80mm, na lenzi ya 85mm hutazama kama 136mm. Kwa 85mm, kichwa na mabega tu vinahitaji umbali wa mita 2.3, nusu ya mwili inahitaji karibu mita tatu na nusu, mtu mzima kutoka kichwa hadi viatu anahitaji zaidi ya mita saba, yaani utakuwa umeshavuka korido na kuingia kwa jirani. Kwa 50mm, kichwa na mabega hupatikana kwa mita 1.4 hivi na nusu ya mwili kwa mita mbili, ambazo kwa kujibana utazipata. Familia ya watu sita utaendelea kuipiga kwa lenzi yako ya zamani, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Tena studioni unatumia taa na kitambaa, na tundu linalofaa kule ni f/5.6 au f/8, ambalo unalo tayari. Ndiyo maana nasema ile ya 85,000 isingefanya kazi yoyote Jumatatu hadi Ijumaa.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nami nililijua kwa fedheha. Nilipopata lenzi yangu ya kwanza ya f/1.8 niliiacha wazi harusi nzima, huko Bungoma. Kwenye ngazi za kanisa bibi harusi alikuwa ametangulia nusu hatua mbele ya mumewe. Bibi harusi alitoka mkali kama sarafu mpya, bwana harusi akatoka kama mtu aliyetazamwa kupitia machozi, na mama yake mzazi aliniuliza kwa utulivu kama nilikuwa na neno na mwanawe. Kwa kamera yako, 50mm ikiwa f/1.8 na mteja akiwa mita moja na nusu mbele yako, sehemu iliyo kali ni ya kina cha takriban sentimita sita tu. Mteja akisogea hadi mita moja, hubaki chini ya sentimita tatu. Macho yatakuwa ndani, masikio nje. Kwa mtu mmoja, f/2.2 hadi f/2.8 ndiko ninakokaa mara nyingi. Kwa wawili nawasimamisha kwenye mstari mmoja na kufunga hadi f/4. Kwa ukoo mzima f/8.

Kamera yako ina nukta tisa za fokasi, na ile ya katikati pekee ndiyo hodari. Ukilenga jicho kwa nukta hiyo, kisha ukaizungusha kamera ili upange fremu, zile sentimita sita zaweza kuponyoka. Kwa mteja aliyetulia, tumia kioo cha nyuma badala ya kuchungulia: fokasi huwa ya polepole lakini sahihi zaidi. Na kwa kuwa kamera hii haina nafasi ya kurekebisha lenzi inayolenga mbele kidogo au nyuma kidogo, ijaribu lenzi dukani juu ya kamera yako mwenyewe. Lenga herufi moja ya gazeti lililolazwa mshazari, piga mara tano kwa f/1.8, ukuze picha na utazame ni mstari upi uliotoka mkali.

Ukirudi kwenye hesabu, shilingi 85,000 ni malipo ya wateja 57 wa nje, kabla hujalipa nauli, kodi ya chumba wala riba ya chama. Shilingi 18,000 ni malipo ya wateja 12. Wewe wajua unapata wangapi kwa mwezi, nami sijui. Lakini pesa za chama ni pesa za watu wanaokujua kwa jina, na sioni kwa nini usimame mbele yao kwa ajili ya tofauti iliyopo kati ya f/1.8 na f/1.4, ambayo kwa mwanga haifiki hata mara mbili. Zikibaki pesa, nunua flashi yenye kichwa kinachogeuka, uielekeze darini.

Hata hivyo, kabla ya kulipia hiyo fifti, fanya kazi ya wikendi mbili. Kila picha uliyopiga imehifadhi ndani yake urefu wa lenzi uliotumika. Fungua taarifa za picha mia mbili za harusi zako zilizopita na uhesabu. Ukikuta nyingi za watu mmoja mmoja zimepigwa karibu na 55, na zilizoharibika ziliharibika gizani, fifti ni yako. Ukikuta nyingi zimepigwa kwa 18 hadi 24, maana yake kumbi zako ni za kubanana, na lenzi isiyovutika ya 50mm itakufanya ukanyage miguu ya wageni. Hapo afadhali pesa zote ziende kwenye flashi. Kisha ivute lenzi yako hadi 50, uifunge kwa utepe wa gundi isije ikazunguka, na ufanye kazi ya Dunga ya siku mbili bila kuufungua utepe. Miguu yako itakupa jibu ambalo mimi siwezi kukupa kwa barua.

Ile 85mm f/1.8 ya shilingi 45,000 ni lenzi nzuri, na ungekuwa mtu wa kupiga nje tu ningekushauri uifikirie. Ikifika siku hiyo nayo ikawa ya mtumba, ingia nayo mahali penye giza, washa tochi upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili. Hewa ya ziwani ina unyevu, na lenzi iliyokaa miaka kabatini huota kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Ukiziona, rudisha pesa mfukoni hata kama bei imeshuka nusu, kwa kuwa kusafisha vioo vya ndani ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na alama mara nyingi hubaki.

Swali

Kwa Mhariri,

Nimenunua lenzi ya mtumba aina ya Nikon 50mm f/1.8D kwa ajili ya kamera yangu ya D3500. Kwanza kamera iliandika FEE na kukataa kupiga. Rafiki alizungusha pete fulani ikakubali, lakini lenzi haitafuti fokasi yenyewe hata nikibonyeza mpaka nichoke. Muuzaji anashikilia kuwa ni nzima na anakataa kuirudisha. Nani mkweli kati yetu?

Msomaji wa Nakuru

Jibu

Ndugu yangu, lenzi yako ni nzima, ingawa muuzaji angekuwa mwungwana zaidi kama angekuuliza una kamera gani. Lenzi za Nikon za aina hiyo hazina mota ndani. Huzungushwa na mota iliyo kwenye kamera. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000, ikiwemo yako, hazikuwekewa mota hiyo, ilhali za mfululizo wa D7000 zinayo. Lenzi iliyokufaa ni AF-S 50mm f/1.8G, iliyotoka mwaka 2011, ambayo ina mota yake yenyewe. Muuzaji akikubali kubadilisha kwa nyongeza kidogo, badilisha.

Asipokubali, bado waweza kuitumia. Pete ile iache ikiwa imefungwa kwenye f/22. Kutokuwa hapo ndiko kulikoleta FEE, na tundu utaliendesha kutoka kwenye kamera kama kawaida. Weka nukta ya fokasi juu ya jicho la mteja, zungusha pete ya mbele polepole huku ukichungulia, na utazame chini upande wa kushoto: kitone cha kijani kikituama bila kumeta, fokasi imekaa. Mtu hutikisika hata akidhani ametulia, kwa hiyo piga tatu mfululizo, ukisogeza pete kidogo sana kati ya moja na nyingine.